Nimeyasikia kwa Fundi Cherehani

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yameiva, yanataka chumvi tu. Mlango wa nyuma usiutie komeo, linakwama.

Asubuhi nilipita kwa fundi kuulizia gauni lako la harusi. Akaniambia mbele ya wateja, "Mama, si bibi harusi mwenyewe alikuja juzi akasema nisiendelee kushona?" Nikacheka, nikajifanya nina habari. Mji wenyewe huu, ukipiga chafya sokoni, stendi wanakuuliza kama umepona. Mimi ninayelala nawe chumba kimoja ndiye sikuambiwa.

Tulihamia huku kwa ajili ya mchumba wako. Hapa simjui mtu ila wewe na mama yake, anayeniletea mboga kila Jumapili bila kuombwa.

~~Nimekwenda kwake kumwomba radhi.~~

Hapana, siendi. Si langu kulisema. Nimekwenda kupima presha, narudi mchana.

Sitakugombeza. Kama humtaki, humtaki, tutafunga mizigo tena. Ila usitoke, nisubiri. Nataka nilisikie kinywani mwako, hata kama utalia.

Mama yako