Chai ya Chumvi

Voi, Jumanne

...na siwezi hata kumkasirikia mama mkwe, maana alifanya kwa upendo. Lakini amevimwagilia vipandikizi vyangu maji ya kisima! Maji ya chumvi ya Voi, kwa vipandikizi vya kichaka cha mlimani kilichozoea mvua na ukungu!

“Maji ya mvua nimekuwekea ya chai, mwanangu,” aliniambia. “Bibi harusi hanywi chai ya chumvi.”

Mwakio, mume wangu mpenzi, alivikata huko milimani, juu ya Wundanyi, kabla moto haujateketeza kichaka chenyewe. Kichaka kingine cha aina hiyo hatujakiona. Alinikabidhi vipandikizi hivyo siku tulipooana, moyo ukayeyuka.

Nimemimina debe zima la yale maji ya mvua ya chai kwenye mikebe nilimovipanda, ili chumvi ishuke. Majani yake membamba kama sindano yameanza kukunjamana. Vipandikizi vikifa, nitamwambia nini Mwakio...

Jioni nilimpikia Mwakio chai kwa maji ya kisima. Akaonja, akatazama mikebe, akaelewa.

“Niongezee kikombe, mpenzi.”

Ah, mwanaume huyu! Akanywa vyote viwili. Lakini kabla ya kulala alitoka na tochi kuvitazama vipandikizi, na mpaka sasa hajaniambia alichoona.