Sinia la Sambusa

Mjukuu wangu Rukia,

Usicheke. Kwa ukoo mimi ni bibi yako, ingawa nina miaka kumi na tisa. Huku ughaibuni, Langley Park, tu wazima, mama anakusalimu.

Unauliza kama ujiunge na kikundi cha wasichana shuleni kwenu Mombasa. Mimi nilijiunga na cha wanafunzi wa kike Weusi hapa chuoni. Siku ya kutusherehekea sisi wapya, kwa haya zangu, nilishika sinia la sambusa za mama nikawa nahudumia watu. Jina langu likaitwa mara tatu, nami niko jikoni naosha vikombe. Najichosha mwenyewe, jamani.

Mwenyekiti, Mkenya, akanifuata.

“Wee, nani amekuandika kazi hapa? Kuja ukae.”

Nikakaa. Wakanipigia makofi, mikono yangu bado ina povu.

Jiunge, mjukuu wangu, ila nenda mikono mitupu.

Bibi yako,
Mwanaisha