Mchoro ulikuwa wangu

Kashi uko macho? Nimefanya kitu cha aibu jamani.

Leo klabu ya sayansi tuliunganisha diski ya kompyuta kwenye kale kakompyuta ketu ka kupimia maji ya ziwa pale Kigongo, maana kadi yake ya kumbukumbu inajaa haraka. Mchoro wa waya za soketi ya diski nilichora mimi. Mwenzetu Hetal kazi yake kuchomelea waya tu.

Tukawasha. Diski ikatoa moshi. Moshi, Kashi!!

Mwalimu Nestory akamgeukia Hetal: "Binti, umechomelea kinyume! Diski ya shule hiyo! Toka, klabu huna tena."

Hetal akasema, "Mwalimu, nimefuata mchoro."

Mchoro wangu!! Niliuchora nikiitazama soketi kwa nyuma, kwa hiyo waya za kushoto zote zikaenda kulia. Nililiona kosa palepale, nikainama. Nikanyamaza. Unanijua, mbele za watu sauti haitoki, ila huu sasa siyo uoga, ni ubaya.

Hetal akachukua begi akatoka. Hakulia hata.

Sasa hivi nimemwandikia, "Aliyekosea ni mimi." Kajibu hapohapo: "Najua. Nilikuwa nakuangalia, nasubiri useme."

Kesho nisindikize ofisini kwa mwalimu. Nikigeuka nyuma, nisukume.