Jumba la Babu Kilimani

Shikamoo Mama,

Huku Kigoma mvua imeninyeshea, lakini lile jumba la kilimani ulilotuambia lilikuwa la Babu nimelifikia. Sakafu zinang'aa, na ukikaa barazani unaliona ziwa hadi milima ya Kongo. Mtembezaji wetu alipotuonyesha chumba cha bwana mkubwa, nikasema kwa fahari, "Babu yangu, Mzee Bitariho, aliishi humu."

Bibi mmoja wa Katubuka, tuliyekuwa naye kwenye ziara, akanishika mkono. "Bitariho alikuwa mpishi, mjukuu wangu. Nilikuwa nikimletea samaki, migebuka, kutoka Kibirizi, napitia mlango wa nyuma. Wageni walikuwa wakiinuka mezani kwenda kumshukuru." Akanipeleka hadi kwenye jiko dogo lenye masizi mpaka darini.

Nilisimama pale nisijue nicheke au nilie. Mama, wewe ulijua, au nawe uliambiwa kama ulivyotuambia sisi? Na mbona aliona aibu, mtu aliyeshukuriwa hivyo? Tangu jana sielewi.

Nakukumbuka sana, ujitunze. Unisamehe kukutumia kadi hii yenye picha ya ukumbi. Niliulizia ya jiko, hawana.

Mwanao, Neema