Trela ya Kahawia ya Arlys

Buffalo, Wyoming
3 Machi

Kaka Verlyn,

Salamu kutoka huku kwenye theluji isiyotaka kwenda kwao. Mimi mzima, ila goti linalalamika. Na wewe je? Dawa za moyo unakunywa, au unamdanganya daktari?

Kaka, nataka kununua nyumba ya kukokota. Siyo zile ndogo za kufungwa nyuma ya gari. Nataka ile yenye shingo inayokalia mgongo wa pikapu. Tangu mume wangu Dwaine afariki, pikapu yake imekaa bandani mwaka wa pili, na mimi nimekaa jikoni nikiitazama. Nimechoka kutazama. Nataka kuzunguka nchi hii nikiwa bado naiona barabara.

Mwanangu Curt hataki kusikia. Anasema niuze pikapu, nihamie karibu naye Billings, kwenye vile vyumba vya wazee. Tumebishana mpaka tukapatana: nikivuta trela kupita mlima hadi mji wa Ten Sleep, yeye akiwa pembeni yangu, atanyamaza. Nikishindwa, nauza nahamia. Nimeona trela mbili, nyeupe na ya kahawia. Wewe umezijenga maisha yako yote. Nichukue ipi?

Mdogo wako,
Arlys

Nappanee, Indiana
14 Machi

Mdogo wangu Arlys,

Ahsante kwa kunijulia hali. Dawa nakunywa. Daktari namdanganya kuhusu nyama ya nguruwe tu.

Sasa sikiliza. Rangi mwachie muuzaji; wewe lala chini utazame chasisi. Weldi, pale vyuma vilipounganishwa, iwe imeshiba, siyo imelambwa. Gonga kuta, ukisikia uwazi, gundi imeachia. Vuta droo. Tembea juu ya paa, likibonyea shuka uende zako. Kisha soma tarehe ya kutengenezwa. Kama ni wiki unapofunguliwa uwindaji wa kulungu, kimbia. Kiwandani tulilipwa kwa idadi, na wiki ile kila mtu aliparaza kazi awahi msituni. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga paa nikiwa tayari nimevaa viatu vya kuwindia.

Kuhusu uzito, usidanganyike na namba kubwa anayoiimba muuzaji. Ile ni ya kuvuta. Shingo ya trela inabebwa na pikapu, kwa hiyo fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha mzigo unaoruhusiwa. Ukiuzidi, mlima utakuumbua.

Kaka yako,
Verlyn

Buffalo
6 Aprili

Kaka,

Goti limetulia, sasa inayouma ni aibu. Natumaini wewe hujambo.

Nilifanya ulivyosema. Nililala chini ya trela na nguo zangu za kanisani. Muuzaji akasema, “Mama, huko chini hakuna kitu.” Nikamwambia, “Ndiyo maana naangalia.” Ile nyeupe ni nyepesi, pikapu iliivuta kama haina mzigo. Lakini droo ilinibaki mkononi, na tarehe ni katikati ya Novemba. Hao walikuwa msituni tayari. Ya kahawia ni imara, ila shingo yake ilizidi namba ya mlangoni. Nikauliza kama ina ndugu mfupi. Yupo, na shingo yake haizidi namba. Anavutika kwa uzito zaidi kuliko nyeupe, lakini upepo wa ubavuni haumyumbishi. Nimenunua.

Sasa cheka. Jana, mbele ya Curt, nilishusha miguu ya trela, nikaachia kufuli, nikasogeza pikapu mbele. Nilisahau kulaza mlango wa nyuma wa pikapu. Shingo ya trela ikaukunja. Curt alipiga picha. Ule ni mlango wa Dwaine, kaka. Nimelia. Labda mtoto yuko sahihi.

Arlys

Nappanee
12 Aprili

Mdogo wangu,

Pole sana. Mimi mzima, mbavu tu zinauma kwa kucheka. Wengi waliovuta trela ya shingo wamekunja mlango huo. Mimi niliukunja wa pikapu ya bosi, uwanjani kiwandani, watu arobaini wakila chakula cha mchana. Waliniita Mlango kwa miaka sita.

Mlipatana mlima, hamkupatana mlango. Panda. Ukiteremka, weka gia ndogo, injini ikushike. Breki uziguseguse tu.

Kaka yako Mlango

Buffalo
21 Mei

Kaka mpenzi,

Samahani kwa kimya. Wiki tano nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe, najifunza kurudi kinyumenyume.

Jumamosi tumepita. Curt alishika kishikio cha juu ya mlango tangu geti la nyumbani. Kupanda, mshale wa joto la injini haukusogea. Kuteremka niliweka gia ndogo, tukashuka polepole mpaka malori yakatupita. Akasema, “Mama, punguza.” Nikamjibu, “Nimeshapunguza. Anayekimbia ni moyo wako.” Tulipofika Ten Sleep, Curt alikula pai vipande viwili, halafu akauliza, “Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, utakuwa wapi?” Nikasema sijui. Sijawahi kufurahia kutojua kitu namna ile.

Siuzi. Nakuja kwako Juni, nitakaa siku mbili, kisha naelekea kwenye maziwa ya Michigan.

Mdogo wako,
Arlys

Nappanee
9 Juni, imesukumwa chini ya mlango wa trela yako

Arlys,

Nimetoka kanisani nikakuta nyumba yako uani kwangu, imeingia sawasawa kati ya banda na uzio. Umelala, sikutaka kukuamsha. Nimegonga kuta. Nimetambaa chini, nimechafua suruali. Ulichagua vizuri.

Miaka thelathini na mmoja nimezifunga paa, mdogo wangu, na sijawahi kulala ndani ya hata moja. Naona aibu kulisema, lakini tangu nistaafu nyumba yangu imekuwa kimya sana. Begi langu liko barazani. Usiondoke bila mimi.

Kaka yako,
Verlyn