Sahani ya Senene

Nyanga, Bukoba
Jumatano, mwezi wa Novemba

Dada yangu mpendwa Violeth,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Wajukuu hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Sikupigi simu kwa kuwa yako hupokelewa na wajukuu, tena kwa sauti ya kusikika hadi kanisani.

Uliniuliza kama nimeachana na Kija, yule muuza dagaa. Nilijaribu, dada. Nilimwambia mimi nina miaka hamsini na tatu, yeye thelathini na nne, atafute msichana. Akajibu kwamba haji kwangu kununua ndizi kila wiki kwa kukosa soko. Nikacheka, na hapo ndipo nilipoharibu. Tangu marehemu mume wangu Kagaruki atutoke, hakuna aliyenichekesha katika ua huu.

Mwanangu Onesphory amekasirika mno. Anasema hatamwita baba mtu aliyemzidi mwaka mmoja. Jumamosi ameita wazee wa ukoo, nawe najua umeitwa. Anataka nimkane Kija mbele yenu, au nitoke kwenye kibanja cha baba yake. Migomba ile niliipanda mimi! Na kaburi la Kagaruki liko pale. Nilidhani langu litakuwa kando yake. Naingia, natoka, nafagia palipokwisha kufagiwa.

Sasa nikuambie nililoficha. Wiki iliyopita senene walianguka. Nikawachambua mabawa na miguu, nikawakaanga, na Kija alipokuja nikampa sahani nzima pale uani, majirani wakitazama. Kwetu senene wa kwanza mwanamke humkaangia mumewe, na mume humjibu kwa nguo mpya. Lakini Kija ni Msukuma, angejuaje? Alikula, akashukuru, akaomba chumvi. Majirani walinicheka, nami nililia kwa aibu.

Jana alirudi. Kumbe aliwauliza akina mama wa sokoni. Akanipa kitenge kwa mikono miwili, akaniomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Kwa hiyo Jumamosi usije kunisihi, dada. Njoo unisaidie kufunga mizigo. Kija amepanga nyumba Muleba mjini. Kitenge nimekivaa ninapoandika.

Nisalimie shemeji na wote wa Buganguzi. Bwana awatunze.

Mdogo wako akupendaye,
Yuster