Nusu ya Skrini

Kaka yangu,

Sijamwambia mtu yeyote: tangu uliponyamaza, dirisha la kukupigia simu sijalifunga. Ulivyoipanga kompyuta hii, madirisha hugawana skrini yenyewe, na moja likifungwa, jirani yake hutanuka papo hapo na kuchukua nafasi yake. Sitaki nafasi yako ichukuliwe. Insha zangu nazibana nusu ya kushoto.

Jana Mama alisimama nyuma yangu. "Funga hilo, mwanangu. Kompyuta yenyewe kama kaka yako aliyeipanga, haiambiliki. Kama yu hai atatutafuta."

Siku hizi Mama chakula anakigusagusa tu. Kaka, hata kama umekosea, piga simu, tafadhali.

Alipotoka nilifungua faili la mipangilio ya kompyuta, nikafuta mstari unaoviamuru vitufe kufunga madirisha, nikahifadhi, ili asiweze mtu kulifunga lako.

Mdogo wako